Mleta Jongoo Alete na Mti Wake: Ukikwama Kutambua Mmea au Mdudu wa Bustanini

Mwaka juzi niliwaua askari wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mpapai wa uani kwangu, hapa Sahare, Tanga, ulivamiwa na vitu vyeupe kama pamba, kuanzia vikonyo vya majani hadi kwenye mapapai machanga. Nikamwonyesha jirani picha kwenye simu, akasema fangasi. Mwingine akasema utando wa buibui. Basi nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikaupangusa mti wote. Vile vikubwa zaidi, vyenye manyoya marefu meupe, nilivifinya kimoja kimoja kwa hasira, maana ndivyo vilivyonitisha. Wiki tatu baadaye pamba ikarudi maradufu. Mzee mmoja wa Mabokweni, aliyekuja kwa shughuli zake nyingine kabisa, akasimama chini ya mpapai, akagusa pamba moja kwa ncha ya kijiti, akaniuliza: "Mwanangu, hivi vinavyokimbia ulivitazama?"

Vile vya pamba ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza mmea, navyo havikimbii. Ukivigusa hujikokota kidogo au hukaa palepale. Aliyekimbia alikuwa buu wa yule mbawakavu duara, jamaa wa wale wekundu wenye madoadoa meusi. Kuna aina ambazo mabuu wao hujivika nta nyeupe, hata wanafanana na vidung'ata wanaowala. Mimi nilikuwa nimewamaliza walaji na kuwaachia nafasi waliwao.

Waswahili husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Barazani kwetu, ambako tunaopanda bustani hukutana Jumamosi baada ya alasiri chini ya mkungu, methali hiyo tumeigeuza: mleta jongoo alete na mti wake. Majibu mengi mabovu niliyoyasikia pale yalitokana na swali lililoletwa nusu. Hapa chini nimeyapanga matatizo kwa namna watu wanavyokuja nayo wakilalamika.

"Nimeuliza watu watano, nimepata majina matano"

Hawajakudanganya. Mkoa huu una Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju, bado hujawataja waliohamia kutoka Moshi, Lindi au Kigoma, na kila mmoja alikuja na jina alilofundishwa na bibi yake. Ukisema "mbono", mmoja anaona mbarika, ule wenye majani ya vidole na mbegu zenye mabaka kama kupe aliyeshiba. Mwingine anaona mbono kaburi wa kwenye ua, ambao jani lake halikugawanyika sana na mbegu zake ni nyeusi. Wote wawili wako sahihi, na mbegu zote mbili zina sumu. Mchunga nao ni jina la mimea zaidi ya mmoja, ila huko hakuna hasara kubwa, yote ni michungu na yote hupikwa kwa nazi.

Hasara iko kwenye mnanaa na mnanaha. Mnanaa unautia kwenye chai. Mnanaha, ambao wengine huuita mranaha, una sumu ya kumrusha mtu akili na hata kumuua, tena hupenda kuota wenyewe kwenye tuta lenye samadi, katikati ya mchicha. Kwenye simu yenye mawimbi mabovu, ile herufi moja haisikiki.

Kwa hiyo jina liache kwanza, uliza vitu vinavyoshikika. Zungusha shina kati ya vidole viwili. La mnanaa, la rehani na la kivumbasi lina pembe nne, utazihisi. La mnanaha ni la mviringo. Majani yanatazamana mawili mawili, au yanapishana, moja huku na moja kule? Ukikata kikonyo kinatoa maziwa, maji, au kikavu? Kinanukaje? Jani la mnanaha linanuka vibaya hata bila kufikicha, ua lake ni tarumbeta ndefu na tunda lake lina miiba. Nawa mikono baada ya uchunguzi huo. Usionje kitu. Hili sitalirudia.

Mtu akikupa jina, mwulize amelijuaje. Akijibu "naujua tu tangu utotoni", mshukuru na uendelee kuuliza. Akijibu "tazama hapa kwenye kikonyo", basi inama utazame.

"Picha nimepiga, wote wanabahatisha"

Picha ninazoonyeshwa mara nyingi ni za jani moja, limechumwa, limewekwa juu ya meza ya plastiki na kupigwa usiku kwa taa ya simu. Hapo hata bingwa atapiga ramli tu. Piga mmea mzima ukiwa umesimama pale ulipoota, kisha uso wa jani, mgongo wa jani, pale kikonyo kinapokutana na shina, na ua au tunda kama lipo. Weka sarafu ya shilingi 200 kando yake, maana "mdudu mdogo" wa mtu mmoja ni chawa na wa mwingine ni panzi. Piga asubuhi au kivulini, jua la adhuhuri la pwani linafuta rangi zote. Simu ikikataa kumshika mdudu na kung'ang'ania majani ya nyuma, weka kiganja chako nyuma ya mdudu, itatulia.

Ila picha haina harufu wala haifinyiki. Kama uko karibu, lete kitu chenyewe. Mdudu aje kwenye chupa iliyotobolewa matundu madogo, pamoja na jani alilokutwa akila. Akiwa mrukaji, mweke na chupa yake kwenye friji dakika 10, akipoa atakaa kutazamwa. Mmea uje na mizizi na udongo wake kidogo, umefungwa kwenye gazeti lililoloanishwa. Ukishuku ugonjwa, funga mfuko kabisa kabla hujaondoka shambani, usije ukawa wewe ndiye uliyetembeza inzi weupe Tanga nzima.

Wala usione haya kuuliza. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa Tanga, alikuta ua dogo la zambarau asilolijua. Akampelekea baba yake Ujerumani, baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Jamaa alikuwa mkuu wa wilaya na bado aliuliza, na alipouliza alipeleka kitu chenyewe.

Programu za simu za kutambua mimea nami ninazo. Nimezizoea kwa tabia yake: mmea wa Pongwe hupewa jina la binamu yake wa Ulaya. Ukoo hupatia mara nyingi, jina kamili hukosea. Chukua ukoo, jina kamili liache barazani lijadiliwe.

Halafu sema ukweli wote: mmea una muda gani, mbegu au mche ulitoka wapi, unamwagilia mara ngapi, dalili ilianza lini na ilianzia juu au chini. Na dawa. Watu huficha dawa waliyokwisha kupiga kama mgonjwa anavyomficha daktari kuwa alianzia kwa mganga. Majani yaliyoungua kwa dawa iliyochanganywa kali tumeyajadili nusu saa nzima kama ugonjwa mpya, mwenye nayo amekaa kimya anakunywa kahawa.

"Jani limeliwa, mlaji simwoni"

Mlaji hasainii, lakini kila mmoja ana mwandiko wake.

Jani likiliwa kuanzia ukingoni, kingo zikiwa zimechanika ovyo, shuku panzi au kiwavi. Kuwatenganisha, tazama jani la chini yake. Kiwavi hunya palepale anapokula, punje za kijani au nyeusi kama chembe za baruti. Ukiziona, panda na macho polepole kwenda juu, yuko hapo amejinyoosha kwenye mshipa wa jani akijifanya kijiti. Panzi amekwisha kuondoka zamani.

Nusu duara safi, kama mtu amekata kwa mkasi akifuata ukingo wa sarafu, ni kazi ya nyuki mkata majani. Vipande anavipeleka kutandikia watoto wake. Mwache. Mmea haufi, na nyuki huyo anakuchavushia maua.

Ute mkavu unaong'aa asubuhi ni wa konokono au koa. Toka na tochi saa mbili usiku, hasa mvua ikiwa imenyesha, utamkuta mezani. Yule konokono mkubwa wa kahawia asili yake ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Asia na visiwa vya Pasifiki alikopelekwa amekuwa balaa, kwetu ni mwenyeji mlafi tu. Mshike kwa glavu au mfuko, na watoto wasimchezee, kwa sababu anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya ambayo humdhuru binadamu. Mayai yake ni meupe, kama njegere ndogo zilizorundikwa, chini ya majani makavu au udongo laini. Kuyatafuta mayai mchana kuna faida kuliko kuwinda wazazi usiku.

Jani likiwa zima lakini lina michoro myeupe ndani yake, kama mtoto alivyopitisha kalamu, livunje ulishike kuelekea jua. Nimewaonyesha wengi hili kwenye nyanya na kila mara mtu hushangaa. Mchoro mwembamba unaopindapinda ni wa mtoto wa inzi mdogo mchora majani, unachafua jani lakini nyanya huendelea. Baka pana kama lengelenge, lenye uchafu mweusi umekusanyika upande mmoja, na kiwavi mdogo anaonekana kivuli chake akijipindua ndani, hiyo ni kantangaze. Iliripotiwa nchini mwaka 2014 na wakulima wenyewe ndio walioipa jina hilo. Ya kwanza unaondoa majani machache. Ya pili usilale: chuma majani na matunda yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani, na msimu unaofuata usipande hapo nyanya wala biringanya.

Majani yamepauka, yana vitone vyeupe kama yamepigwa na vumbi la unga? Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi mara tatu, subiri. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Ukitikisa mmea na wingu jeupe likaruka, ni inzi weupe.

Kwenye mahindi kila kiwavi sasa anaitwa kiwavijeshi vamizi, tangu walipoingia nchini mwaka 2017. Watu hutazama alama ya Y iliyogeuzwa usoni, lakini viwavi wengine nao wana kivuli cha alama hiyo. Geukia mkiani: madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Yakikosekana, huyo ni mwingine.

"Natafuta mdudu, hayupo, na majani ni ya njano"

Pengine hayupo kweli. Raskazone na Sahare tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na udongo wa chokaa hufungia madini ya chuma. Majani machanga ya mndimu yakiwa ya njano na mishipa imebaki kijani, hiyo ndiyo. Yakianza ya zamani, ya chini, yote njano kwa usawa, ni njaa ya naitrojeni. Ncha zikiungua upande unaotazama bahari tu, umeshajibiwa na upepo. Mboji nyingi kwa hayo mawili ya kwanza, ukuta wa ua kwa la tatu.

"Muhogo wangu una mabaka, wengine wanasema batobato, wengine wanasema michirizi"

Hili ni letu. Batobato iliandikwa mara ya kwanza na mtaalamu Warburg mwaka 1894, kwenye nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia iliandikwa na mtaalamu Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kwa muhogo wa vilima vya chini vya Usambara. Magonjwa mawili yanayosumbua nusu ya Afrika yalipata majina vitabuni kutoka huku kwetu, na bado tunayachanganya.

Nenda kwenye muhogo asubuhi. Anzia juu. Batobato hukaa kwenye majani machanga: yana mabaka ya njano na kijani kibichi, na zaidi ya rangi, yamepotoka, upande mmoja umesinyaa, jani halina ulinganifu. Ukifumba macho na kulipapasa bado utajua linaumwa. Sasa shuka hadi majani ya chini, yaliyokomaa. Michirizi huanzia huko. Jani lina umbo lake zuri kabisa, halikukunjamana, ila unjano umetambaa kandokando ya mishipa kama unyoya. Kisha tazama sehemu ya shina iliyo bado kijani, utafute mistari ya kahawia. Kama bado una shaka, fukua mzizi mmoja na uukate vipande. Kwa nje unaweza kuwa mnene na mzuri, ndani una madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo. Mama mmoja wa Muheza aliwahi kupeleka sokoni gunia zima la mihogo iliyopendeza, akarudi nalo, kwa sababu mnunuzi alivunja mmoja.

Wa tatu ni utitiri wa kijani, anayejifanya batobato wakati wa kiangazi. Yeye huacha vitone vidogo vingi kwenye majani ya kileleni, yanadhoofu na kupukutika hadi ncha ibaki kama mshumaa. Mvua ikinyesha muhogo huchipua ukiwa safi. Batobato haisafishwi na mvua.

Kutenganisha kuna maana kwa sababu tiba ni tofauti. Kwa utitiri unasubiri mvua. Hayo mawili ya virusi hayana dawa ya kupiga, yanaenezwa na inzi weupe na kwa pingili tunazopeana kwa upendo. Ng'oa, na usigawe mbegu. Wale mnaopanda mpira wa kisamvu pembeni ya ua, msije mkaung'oa kwa kuudhania muhogo uliopotoka, jani lake lina sura yake.

"Nimemkamata mdudu juu ya mmea mgonjwa, huyu ndiye"

Hapo ndipo nilipoangukia mimi na mpapai. Aliyekutwa kwenye maiti si lazima awe muuaji, huenda ni ndugu aliyekuja kuzika. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye kunde hawali kunde, wanafuata utamu wa vidukari. Vunjajungu hali jani. Kiwavi aliyebeba mgongoni vifuko vyeupe kama punje za mchele ni mfu anayetembea, nyigu wadogo wamekwisha kumla ndani na wakitoka watatafuta wengine. Ukimponda huyo, umeponda jeshi.

Kwenye minazi kosa hili lina gharama kubwa zaidi. Vidaka vinaanguka, mwenye shamba anamwita mkwezi, mkwezi anashuka akijikuna na kusema tatizo ni majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wapigiwe dawa. Mkwezi namwelewa, anang'atwa mahali pasipotajika. Lakini majimoto ndio walinzi wa mnazi. Yupo kunguni wa minazi, mwembamba wa kahawia, anayefyonza vidaka, na pale majimoto walipojenga viota vyao vya majani yaliyoshonwa, kunguni huyo hana raha.

Okota vidaka vilivyoanguka, kumi hivi, uvioshe. Vikiwa na makovu ya kahawia yaliyozama, yametokwa utomvu kama gundi, ni kunguni. Vikiwa safi, huenda ni kiangazi, au mnazi unapunguza mzigo tu. Mnazi huangusha vidaka vingi kwa kawaida yake, si kila kidaka kiliandikiwa kuwa dafu. Ukithibitisha kunguni na majimoto hawapo juu, usitazame juu tena, tazama chini kwenye shina. Wapo sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita miili, wanaochimba mchanga laini shinani. Hao huwafukuza majimoto. Wakidhibitiwa, funga kamba au fito kutoka mnazi wenye majimoto hadi usio nao, watavuka wenyewe. Mkwezi mpe majivu ya kujipaka na umwongezee kidogo.

Makuti yaliyokatika umbo la V, kama mtu ameyakata kwa mkasi yakiwa bado yamekunjwa, ni chonga. Yeye ni mbawakavu mweusi mwenye pembe, na ya dume ni ndefu zaidi. Watoto wake ni mabuu manene meupe waliojikunja ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi, kwa hiyo anza usafi huko.

"Umeota wenyewe, niung'oe au niuache?"

Usimhukumu mtoto kwa majani mawili ya kwanza, karibu yote hufanana. Subiri ya tatu na ya nne. Kama nafasi ni ndogo, uhamishie kwenye kopo.

Wachache wasingojewe. Ndago utaijua kwa shina la pembe tatu na kiazi kidogo cheusi ukichimbua, na ukiing'oa kwa kuvuta umeacha kiazi ardhini. Mlangamia ni nyuzi zisizo na majani zinazokaba ua, kata pamoja na tawi lililokabwa, hata kipande kilichobaki kinaendelea. Kiduha kina maua mazuri ya zambarau miguuni pa mahindi, huku kinanyonya mizizi, kitoe kabla hakijatoa mbegu. Gugu karoti ndilo linalodanganya zaidi: jani la karoti, maua meupe madogo, na huwasha ngozi na kifua. Mtu anaota ana karoti za bure. Ling'oe kwa glavu, na likishachanua usilikokote kupita shamba zima ukipukutisha mbegu.

Ukipita uani ukaanza kujikuna kama mwendawazimu bila kuona mdudu, tafuta juu: maganda ya kahawia yenye manyoya, upupu. Hapo huna haja ya baraza.

Vya kutotambua

Nyoka wa kijani. Wapo wasio na madhara, na yupo mamba wa kijani anayekaa kwenye minazi na miembe ya pwani hii hii, na wote ukiwa umbali salama wanafanana. Rudi nyuma, waondoe watoto, ita mzoefu. Usimpige picha kwa karibu ili baraza lipate raha.

Uyoga uliootea kwenye mboji usiliwe kwa ushauri wa picha, hata kama aliyeshauri ni mama mkwe. Mbegu nyekundu zenye jicho jeusi za mtipitipi zinapendeza kwenye ushanga, lakini mtoto akitafuna moja mpeleke hospitali saa hiyohiyo na umechukua mbegu nyingine mkononi. Yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakavu, haumi. Sumu yake hutoka ukimponda. Mpulize, usimpige kofi, na mahali alipopita osha kwa sabuni.

Kuhusu jongoo na tandu, wasioweza kuwatofautisha ni wengi kuliko wanavyokiri. Jongoo ana miguu minne kwa kila pingili, hujikunja, hula vilivyooza. Tandu ana miguu miwili kwa pingili, bapa, mkimbiaji, na anauma hasa.

"Jina nimelipata, dawa nimepiga, hali ni ileile"

Basi ama jina si hilo, ama dawa si yake. Dawa ya wadudu haiui utitiri kwa lazima, na ya ukungu haimgusi kiwavi. Rudi kwenye dalili kana kwamba hujawahi kuambiwa kitu, na safari hii badilisha jambo moja tu, kwenye mimea mitatu, mingine uiache bila kuigusa. Baada ya siku 7 linganisha. Aliyebadilisha maji, mbolea na dawa siku moja hawezi kujua kilichomponya wala kilichomuua.

Baraza likishindwa, afisa ugani wa kata yupo, na kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, hakiko mbali. Peleka vilevile: mmea mzima, mfuko umefungwa, na maelezo ya kweli pamoja na dawa uliyoificha.

Kando ya bomba langu kuna kopo la rangi la lita 4, nimeliandika "Machi, nyuma ya choo, halina maziwa". Mmea ulio ndani umefika gotini, majani yanapishana, shina la mviringo. Waliouona ni saba. Wawili wamesema mnavu, mmoja kasema niutupe, programu ya simu imenipa mmea wa Hispania, na bibi mmoja wa Chumbageni kasema, "Mwanangu, subiri ua." Jana jioni nimeona vitumba vitatu. Jumamosi naenda nao, na kopo lake.